UZI: Canon 1200D ya mtumba au R50 mpya? Kwa anayeanza kazi ya picha Kisumu na magharibi

#1 · Mleta uzi, Kisumu

Wadau, salamu kutoka kando ya ziwa. Swali ninaloulizwa na vijana kila nikienda kuprinti mjini ni lilelile: nina pesa kidogo, nichukue DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya mtumba nianze kazi, au nivumilie hadi nipate moja ya hizi kamera mpya zisizo na kioo, zile watu wanaziita mirolesi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika hapa mara moja. Ni ndefu, vumilieni. Anayetaka kupinga apinge kwa hoja.

Kamera ninazolinganisha ni mbili ninazofanyia kazi. Ya kwanza ni Canon EOS 1200D, iliyotoka 2014. Ya pili ni Canon EOS R50 ya 2023. Zote ni za kampuni moja, zote ni za daraja la kuanzia, na sensa zao, kile kipande kinachonasa picha, zina ukubwa uleule, milimita 22.3 kwa 14.9. Hapo mtu hawezi kusema nimeipendelea moja.

Msimamo wangu nautanguliza ili msisome mkinitafuta: R50 haitakupa picha nzuri kuliko 1200D. Itakupa picha chache za kutupa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na pesa zako zitategemea ni lipi linalokusumbua.

Tuanze na picha yenyewe. 1200D ina megapikseli 18, yaani picha ya nukta 5184 kwa 3456. Ukiprinti kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya inchi 17 kwa 11 na nusu, karibu A3. R50 ina megapikseli 24, inafika inchi 20 kwa 13. Sasa niambieni, mteja wa mwisho kuwaagiza A3 alikuwa nani? Wengi wanataka A4 moja ya fremu ya sebuleni, na zilizobaki watumiwe kwa WhatsApp, ambayo inazibana mpaka megapikseli zote ulizolipia zinakuwa bure. Mchana kweupe, piga familia imesimama kwa f/8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi) na kamera zote mbili, printi A4, weka mezani. Hakuna shangazi atakayekuambia ipi ni ipi.

Tofauti inaanza pale mtu anaposogea, mwanga unapopungua, au uso na nguo vinapogombea mwanga.

Kwenye DSLR mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo kilichoinama nyuzi 45, unapanda hadi kwenye kidirisha unachochungulia. Sehemu ya mwanga huo inapenya katikati ya kioo na kushuka kwenye sensa nyingine ndogo iliyo chini, na hiyo ndiyo inayopima fokasi. Maana yake anayepima si yule anayepiga. Wakitofautiana kidogo tu, jicho linatoka na ukungu na sikio linatoka safi. Kamera za daraja la juu zina sehemu kwenye menyu ya kurekebisha tofauti hiyo. 1200D haina. Tena ina vituo tisa tu vya fokasi, na cha katikati ndicho cha kutegemea mwanga ukiwa hafifu. Kwa hivyo unafanya tulivyofundishwa wote: unaweka kituo cha katikati juu ya jicho, unabonyeza nusu, unaisogeza kamera kupanga picha, unapiga. Ukiwa karibu na bibi harusi na lenzi imefunguka hadi f/1.8, kule kuisogeza tu kunatosha kulipoteza jicho.

R50 haina kioo. Sensa inayopiga ndiyo inayopima, karibu eneo lote la picha, na inalitambua jicho na kulifuata. Bibi harusi anaingia akicheza, anageuka kumcheka mpambe, mtoto wa maua anakatiza mbele, kile kimraba kinapotea sehemu ndogo ya sekunde kisha kinarudi jichoni. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kununua kamera mpya. Nyingine zote ziko nyuma yake.

Sababu ya pili hamtaisikia sana kwa wale wa YouTube walio ng'ambo, kwa sababu inahusu ngozi zetu. Kipima mwanga cha kamera yoyote hudhani kila kinachokiona kina wastani wa kijivu. Msimamishe bwana harusi mweusi tititi mbele ya ukuta mweupe wa kanisa: kamera inauona ukuta, inapunguza mwanga, ukuta unatoka wa kijivu na bwana anatoka kama kivuli chenye meno. Kamera zote mbili hufanya hivyo. Ila kwa 1200D unayaona hayo baada ya kupiga, ukiinamisha kichwa kuangalia skrini huku pete zinavalishwa. Kwa R50 unayaona ndani ya kidirisha kabla ya kubonyeza, unaongeza mwanga kwa kidole gumba, unapiga. Fundi mzoefu wa DSLR anajua kichwani kwamba hapa naongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Anayeanza hajui, na kamera ya zamani haimwonyeshi mapema.

Sasa upande ambao muuzaji hakwambii. R50 mpya inakuja na lenzi ya milimita 18-45 (namba kubwa ndiyo inayovuta mbali) ya f/4.5-6.3. Ile ya kawaida ya 1200D ni 18-55 ya f/3.5-5.6. Namba ndogo ndiyo tundu kubwa, kwa hivyo lenzi ya kamera mpya inaingiza mwanga *kidogo* kuliko ya kamera ya zamani. Ndiyo, sensa mpya inavumilia giza zaidi: R50 inapanda hadi ISO 32000 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga hafifu), 1200D inaishia 6400 kabla ya kuilazimisha. Lakini sehemu ya faida hiyo imeshaliwa na lenzi.

Chukua badala yake lenzi ya 50mm f/1.8, ile ndogo ambayo ni ya bei nafuu kuliko karibu zote za Canon. Ukilinganisha na 18-55 ikiwa imevutwa hadi 55 kwa f/5.6, inaingiza mwanga karibu mara kumi. Mahali ulipolazimika kutumia ISO 6400 unashuka hadi kama 640. Chembechembe zinaisha, ngozi inarudi kuwa ngozi. Kwa mtu aliyetulia ndani ya ukumbi usiku, 1200D ya mtumba yenye 50mm f/1.8 inaishinda R50 yenye lenzi ya boksini. Akianza kucheza, matokeo yanageuka.

R50 ilizinduliwa kwa dola 680 bila lenzi, na hapa kwetu mjue kuna kodi na faida ya muuzaji juu yake. Kwa pesa hizo mtumba unakupa kamera, 50mm, flashi, na nauli ya kwenda kazini inabaki.

Video, betri na flashi nimeziacha makusudi. Najua mtaniuliza.

#2 · Mdau wa Kakamega

Mulembe. Umeongea vizuri ila hapo kwa kusogea umetuonea sisi wa DSLR. Mimi napiga fahali wakipigana, na unajua mambo hayo huanza alfajiri, isukuti inalia, umande bado uko kwenye majani. Natumia Nikon D3200 na picha zangu zinanunuliwa na wenye fahali wenyewe.

Siri yake ni kwamba fahali hawatembei ovyo kama bibi harusi. Wanakutana mahali pamoja, wanafunga pembe, wanasukumana. Nafokasi kwenye majani pale ninapojua watakutana, nazima otofokasi, nasubiri. Picha ninazozitupa ni zile za watu kukimbia kuja upande wangu fahali aliyeshindwa anapotoka mbio, na hapo hata mimi sitafuti jicho la mtu, natafuta mti.

#3 · Mleta uzi

😂😂 Huo mti nauelewa. Na mbinu yako ni sahihi kabisa: ukijua kitu kitatokea wapi, huhitaji kamera ikutafutie. Ndiyo maana wapiga picha wa magazeti walileta mabao ya mpira miaka na miaka kabla ya haya mambo ya jicho.

Nyongeza moja tu: 1200D inapiga picha tatu kwa sekunde, R50 kumi na mbili. Katika mgongano wa pembe, zile tatu zinaweza kuangukia kabla na baada, na katikati usipate kitu. Ila kumi na mbili kwa sekunde ina adhabu yake jioni ukikaa kuzichuja.

Na kwa kuwa umetaja D3200, wanaonunua Nikon za mtumba wasikie: zile za jamii ya D3000, kuanzia D3100 hadi D3500, hazina mota ya fokasi ndani ya kamera. Ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa, itaingia na itapiga, lakini utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake ndani ya lenzi. Hizo AF-S pia ndizo zitakazokufuata ukihamia Nikon Z, zile zisizo na kioo, kwa adapta ya FTZ. Zile za D hata kwenye FTZ fokasi ni ya mkono.

#4 · Dada wa Maseno

Habari zenu. Mimi ni mwanafunzi, nataka kuanza na picha za mahafali na za wenzangu kwa pale kwenye alama ya ikweta, maana kila mgeni anataka picha hapo. Halafu wengi siku hizi hawataki picha, wanataka kijivideo cha TikTok na Reels. Kuna jamaa ananiuzia 1200D. Nitaweza video nayo?

#5 · Mleta uzi

Dada, kwa video usichukue 1200D. Hapo sizunguki.

Inarekodi 1080p, si mbaya kwa simu za watu. Shida ni mbili. Ya kwanza, haina tundu la maiki, kwa hivyo sauti utakayopata ni ya maiki ya ndani ya kamera, ambayo itakuletea upepo, boda boda zote za barabara ya Busia, na mteja kwa mbali. Ya pili, ukirekodi kioo kinanyanyuka, ile sensa ya fokasi ya chini haioni tena, na kamera inabaki kupapasa fokasi kwa njia ya polepole. Mteja akikukaribia anatembea, anafika akiwa na ukungu. Kuna watu wanafanya video safi na 1200D, lakini wanaweka kamera kwenye tripodi, wanampanga mtu mahali pamoja, na sauti wanairekodi kando. Mahafali hayakupi nafasi hiyo.

R50 inarekodi 4K kwa fremu 30 kwa sekunde bila kukata pembe za picha, ina tundu la maiki, skrini inageuka mbele ujione mwenyewe, na fokasi inamfuata mtu hadi umalize. Kwa fokasi ya video na sauti yake, hapa pengo si dogo.

Kama pesa haifiki R50, angalia haya. Nikon D3200 ya 2012 ina tundu la maiki, D3300 pia, lakini D3400 na D3500 zilizotoka baadaye waliliondoa, usidanganywe na namba kubwa. Ukitaka isiyo na kioo ya mtumba, Sony a6000 ilitoka 2014, mwaka uleule wa 1200D, ina megapikseli 24 na inapiga picha 11 kwa sekunde. Hiyo nayo haina tundu la maiki wala skrini ya kugusa, lakini kwa picha za watu wanaosogea ni kamera ya heshima hadi leo.

Kuhusu ikweta: saa sita mchana jua hapo liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Hakuna kamera itakayokuokoa, wala ya zamani wala mpya. Wapange kivulini, au njoo saa kumi na moja jioni. Na ukikuta kamera ya bei nzuri isiyo na kidirisha cha kuchungulia, kama Sony ZV-E10 au Nikon Z30, kumbuka jua hilohilo. Skrini huioni, unapiga kwa imani.

#6 · Mdau wa Siaya

Vijana wangu, mimi ni mtu mzima, nimepiga picha tangu za filamu. Kazi yangu kubwa ni mazishi, wikendi hadi wikendi. Mambo ya jicho sikatai. Lakini niambieni vitu vitatu vinavyonihusu: flashi zangu mbili za zamani zitafanya kazi kwa hiyo R50? Betri itamaliza siku, maana tunaanza mwili ukitoka mochari asubuhi hadi wageni wanapokula jioni, na mara nyingi stima hakuna? Na ya tatu, haya mahema. Nani atanisaidia na haya mahema?

#7 · Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Maswali yako ndiyo ya mtu anayefanya kazi.

Flashi kwanza, kwa sababu hapa watu wanaumia. Sehemu ya kuchomekea flashi juu ya R50 si ile ya kawaida. Canon waliweka ya aina mpya, haina zile pini za zamani za katikati. Flashi yako itaingia na kukaa vizuri kabisa, kisha haitawaka. Lazima ununue adapta yao inayoitwa AD-E1. Ukiwa na flashi za zamani na hutaki adapta, angalia Canon R100 au R10, hizo zinazikubali moja kwa moja. Lakini R100 wameibana sana, skrini yake haigeuki wala haigusiki, na video ya 4K inakata picha pembeni. R10 ndiyo kamera ya kazi hasa katika hizo tatu, na bei yake inakuambia hivyo.

Betri: hapo kioo kinashinda. Kuchungulia kwenye DSLR hakuli chaji, ni mwanga tu unapita. 1200D imepimwa kwa picha kama 500 kwa chaji moja, na Nikon D3500 inapita 1,500. R50 ina kijiskrini ndani ya kidirisha ambacho kinawaka muda wote unaochungulia, na haifiki hapo. Kwa mazishi yako nunua betri tatu za LP-E17, na usitegemee zile za LP-E10 za 1200D, haziingiliani, hata chaja ni tofauti. Cha kukufariji ni kwamba R50 inachajiwa kwa waya wa USB-C, kwa hivyo pawabenki nzuri ya kutoa umeme wa PD (chaji ya kasi ya USB-C) ndani ya begi inakufaa wakati mchungaji anahubiri.

Mahema sasa. Haya nimeyahangaikia sana. Hema la buluu na nyeupe, jua la saa saba liko juu yake, turubai lote linageuka taa ya buluu. Wajane wamekaa chini yake, ngozi zinakuwa na rangi ya majivu. Hema la kijani ni baya zaidi. Halafu nyuma yao, nje ya hema, nyasi zinawaka jua. Kamera ikishika nje, ndani panakuwa giza. Ikishika ndani, nje panakuwa peupe pe.

Na kamera yoyote, piga faili ghafi za RAW, si JPEG peke yake, rangi utairekebisha nyumbani. Weka flashi kidogo, iwe ya kujazia tu, inaleta rangi ya kweli usoni na kupunguza lile pengo na nje. Na ukiweza, wasogeze wale wa mstari wa mbele hadi ukingoni mwa hema, pale mwanga wa anga unapoingia kutoka upande. Hatua mbili tu zinabadilisha kila kitu. R50 inakusaidia kwa kukuonyesha ile rangi ya buluu mapema. Haiiondoi.

Nyongeza: R50 ina shata (kile kinachofungua na kufunga mwanga unapopiga) ya kielektroniki isiyotoa sauti yoyote. Wakati wa kushusha jeneza, hilo lina maana. Ila usiitumie ndani ya ukumbi wenye taa za LED, unaweza kupata mistari ya giza kwenye picha, wala kwa kitu chenye kasi, kinajikunja.

#8 · Mdau wa Siaya

Ahsante sana. Hiyo ya adapta ya flashi hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia. Nitabaki na 1300D yangu ya picha, kijana wangu nimtafutie R10 ya video.

#9 · Mdau wa Kondele

Mnapoteza muda. Simu yangu ina megapikseli 108.

#10 · Mleta uzi

Karibu sana omera. Mpigie bibi harusi kutoka nyuma ya kanisa na hizo 108, kisha utuwekee hapa.

#11 · Mdau wa Nakuru

Naongeza upande wa ndege na wanyama, maana uzi umejaa harusi na mazishi. Mimi nilitoka 1300D nikaenda R10, na lenzi yangu ya zamani ya EF-S 55-250 nikaendelea kuitumia kwa adapta ya EF-EOS R. Inafanya kazi kama ilizaliwa hapo. Kilichopo ndani ya hiyo adapta ni uwazi tu. Lenzi za EF, za DSLR za Canon, zinakaa milimita 44 kutoka kwenye sensa kwa sababu kioo kilihitaji nafasi ya kunyanyuka. RF, za Canon zisizo na kioo, zinakaa milimita 20. Adapta inajaza hizo 24 na kupitisha umeme, hakuna kioo cha lenzi cha ziada ndani, picha haipungui.

Kwa 1300D, tai akiruka nilikuwa nabahatisha. Sasa kamera inatambua ndege, inashika kichwa. Lenzi ileile, mtu yuleyule, hifadhi ileile ya Ziwa Nakuru. Tangu maji ya ziwa yapande na heroe wengi kuhamia Bogoria na Elementaita, unaowakuta mara nyingi wako mbali, kwa hivyo kila picha iliyo safi ina thamani. Nakubaliana na mleta uzi kuhusu picha za kutupa, ila kwa ndege kutupa chache ndiyo kazi yenyewe.

Onyo la vumbi: ukitoa lenzi kwenye DSLR, kioo na shata vimefunika sensa. Ukitoa kwenye hizi mpya nyingi, sensa iko pale inakutazama. Kule juu Menengai upepo hauna huruma. Zima kamera, geuza uso wake chini, badilisha haraka, au badilishia ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa.

#12 · Mleta uzi

Nakubali, kwa ndege sina la kubishana. Na hilo la adapta lichukuliwe kwa uzito na wote: lenzi nzuri ya EF unayonunua leo kwa 1200D haitapotea siku ukihamia RF. Kinyume chake hakiwezekani, lenzi ya RF haitaingia kwenye DSLR kamwe. Kwa hivyo anayeanza na pesa kidogo aweke pesa kwenye lenzi, mwili utabadilika.

Canon wenyewe walishasema 1D X Mark III ndiyo DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu. Lenzi mpya zote zinaenda RF, na tangu 2024 hata Sigma na Tamron wameruhusiwa kutengeneza za RF kwa sensa ndogo kama zetu, ikiwemo Sigma 18-50 ya f/2.8. Hiyo ndiyo lenzi inayoifanya R50 iwe kamera ya harusi. Lakini hesabu bei yake kabla ya kufurahi.

#13 · Dada wa Maseno

Nimewasoma wote, ahsanteni. Nimeamua. Nachukua 1200D kwa picha kwanza, na 50mm. Video nitafanya na simu mpaka nijipange. Jamaa ananiambia nije Jumamosi mjini tuonane karibu na Oginga Odinga Street. Naikaguaje? Sitaki kuuziwa mzigo.

#14 · Mleta uzi

Uamuzi mzuri. Nenda na vitu vyako: kadi ya SD, betri kama una rafiki mwenye LP-E10, na tochi ya simu.

Anza na lenzi, si kamera. Itoe, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi upande mmoja, chungulia upande mwingine kwa kuinamisha. Vumbi dogo ni kawaida, usigombane naye. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui, mara nyingi zinaanzia ukingoni mwa kioo. Kuvu inaupenda sana unyevu wa hapa ziwani, na lenzi iliyokaa miaka kwenye begi kabatini ndiyo nyumba yake. Ukiona hata kidogo, acha hiyo lenzi. Inaweza kuambukiza nyingine ukizihifadhi pamoja, na kuisafisha ndani kunagharimu kuliko 50mm nzima.

Kisha mwili. Zungusha lenzi mahali pake, isiwe inachezacheza. Funga mlango wa betri, usiwe umeshikwa na selotepu. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, kuza picha kwenye skrini, tembea kona hadi kona. Madoa meusi yasiyohama ni uchafu wa sensa, unasafishika, ni sababu ya kushusha bei. Funika lenzi, piga sekunde kadhaa gizani, uone kama kuna nukta zinazowaka nyekundu au nyeupe.

Fokasi ndiyo muhimu. Weka rula au gazeti kwa kulalia mezani, lenga mstari mmoja wa katikati kwa f/1.8 kama lenzi unayo, piga, kuza. Mstari uliolenga ndio uwe safi kuliko wote, si wa mbele yake wala wa nyuma. Rudia. Ukikosea upande uleule kila mara, kamera na lenzi havielewani, na kumbuka 1200D haina mahali pa kurekebisha.

Idadi ya shata, yaani picha ambazo kamera imeshapiga: kwa Nikon ingekuwa rahisi, kila picha ya JPEG inabeba hiyo namba ndani yake. Canon za daraja hili haziweki, mpaka uunganishe kwa waya na programu. Angalia basi dalili: mpira wa mshiko umelegea, alama za vifungo zimefutika, rangi imekwisha pale kidole gumba kinapokaa. Kamera ya mtu wa mazishi na kamera ya mtu wa likizo utazijua kwa kuzishika.

Usilipe M-Pesa kabla ya kumaliza yote hayo. Na mkutane mahali penye watu, ndani ya mkahawa, mchana.

#15 · Mdau wa Nakuru

Dada, ukimaliza na huyo jamaa, ile 55-250 yangu naiuza, nimeshapata RF 100-400. Itaingia kwenye 1200D yako bila adapta. Haina kuvu, njoo na tochi.